Aliyemwaga Maji ya Mfereji

Glenys Tolley aliamshwa na kikombe. Kilitoka kwenye rafu chenyewe, kikateleza juu ya meza bila haraka, kikaanguka sakafuni na kuvunjika mkono. Alipofumbua macho alijikuta amebanwa kwenye ukuta wa boti, mito na blanketi zimemfuata huko huko, na upande wa kitanda alikolala mumewe umeinuka juu yake kama kilima. Mumewe mwenyewe hayupo.

Mtu wa nchi kavu angepiga yowe kwamba wanazama. Glenys hakupiga yowe. Alikuwa ameishi ndani ya boti hiyo, Perpetua, tangu mumewe Ambrose alipostaafu udereva wa mabasi, na alijua mara moja kwamba mambo yalikuwa kinyume: maji hayakuingia, yalikuwa yameondoka. Mfereji ulipungua wakiwa wamelala, tumbo la boti likakaa juu ya tope, na kwa kuwa tope la mifereji ya huku halijawahi kuwa sawasawa, Perpetua ikajilaza ubavu kama ng'ombe aliyeshiba.

Afadhali tungekuwa tunazama, aliwaza, na wala hakuwa anatania. Maji ya mfereji hayaondoki kwa hiari yake. Kipande kile cha mfereji kilikuwa na loki chini na loki juu, yale masanduku ya mawe yanayopandisha na kushusha maboti, na kila loki ina vilango vyake vya chuma chini kabisa, vya kuyapitisha maji. Ukivuka, unavifunga. Usipovifunga, maji ya kipande kizima yanatoroka, na wenzako wote waliofunga maboti yao hapo wanaamka wameinama. Na watu wa mwisho kuvuka loki ya chini, ile ya Pinfold, jana jioni walikuwa wao wawili, Glenys akiwa kwenye usukani na Ambrose akishughulika na loki.

Alitambaa mpaka mlangoni, akatoka. Ambrose alikuwa amesimama kwenye njia ya kando ya mfereji, koti la mvua juu ya nguo za kulalia, akiwa ameshika ncha ya kamba mkononi kana kwamba kuna mtu amempa amshikie.

"Nimezilegeza," alisema bila kugeuka. "Zilikuwa karibu kung'oa vigingi."

"Umefanya vizuri."

"Ni mimi, Glen."

"Hujajua bado."

"Nani mwingine? Loki ilikuwa mikononi mwangu." Alipangusa pua kwa mkono wa koti. "Nimesimama hapa najaribu kujiona ninavifunga. Naona mvua. Naona mkono wangu unazungusha. Lakini ni jana hiyo, au ni juzi, au ni mwaka juzi? Ukishafanya kitu miaka yote hiyo, mkono unakifanya wenyewe, haukuachii ushahidi."

Kilichokuwa kinamtetemesha Glenys hakikuwa tope wala boti kulala ubavu. Boti husimama tena maji yakirudi. Kilichomtetemesha ni ahadi.

Mwezi Machi, Ambrose alifungua kifuniko cha nyuma ili kutoa uzi wa mvuvi uliojisokota kwenye propela, akautoa vizuri, akajisifu, akatengeneza chai, akasahau kukikaza kile kifuniko. Walipoondoka, propela ikawa inarusha maji ndani ya chumba cha injini. Pampu ndiyo iliyowaokoa, pampu na Glenys kusikia inavyolia. Watu wengi wa maboti wamewahi kulifanya kosa hilo na wakalicheka siku ya pili. Ambrose hakulicheka. Kaka yake Horace alianza hivyo hivyo, kwa kuacha jiko likiwaka, akamalizia kwa kumwita mke wake "dada" na kumuuliza analala wapi siku hizi. Usiku ule Ambrose aliketi kitandani akasema, "Nikifanya jingine moja la namna hii, tunaiuza Perpetua. Tunakwenda kwa Rhian. Sitakuzamisha, Glen." Rhian ni binti yao anayekaa mji wa Coventry, ana moyo mzuri na chumba cha akiba chenye zulia rangi ya uji. Na Ambrose si mtu wa kusema neno akalirudisha tumboni.

Tangu siku hiyo Glenys akawa mpelelezi. Ambrose akifunga gesi, yeye anangoja mumewe ageuke kisha anaigusa. Akifunga kamba, yeye anakwenda "kunyoosha miguu" na kuzivutavuta. Kifuniko cha propela alikijua sasa kuliko alivyojua uso wake mwenyewe. Alikagua, akarudi, akanyamaza, na akajiambia kwamba hayo ni mapenzi. Huenda yalikuwa mapenzi. Lakini mapenzi ya kunyatia yanachosha, na macho yake yalikuwa yameanza kuwa na weusi chini.

"Nani huyo bingwa aliyetumwagia mfereji?"

Sauti ilitoka kwenye boti ya jirani, iliyoinama kwa upande mwingine, utadhani imenuniana na Perpetua. Kichwa cha Kenyon kilitokeza mlangoni, kikafuatiwa na fulana yenye chai kifuani kote. Kenyon alikuwa fundi bomba wa zamani mwenye sauti ya kuuzia samaki, mtu mwema sana ukishamzoea.

"Mimi nimelala kitandani kwangu kwa heshima zangu zote," alisema, "naamka nimekumbatiana na friji! Paka amehamia kabatini hataki kutoka! Semeni, nani alipita Pinfold mwisho?"

"Ni mimi, Kenyon," Glenys alisema haraka, kabla Ambrose hajafungua mdomo. "Nisamehe jamani. Nilisahau kilango."

Uongo ulimtoka laini kabisa. Ulikuwa umeshapata mazoezi, maana hata habari ya kile kifuniko cha Machi, Rhian aliambiwa kwamba mama ndiye aliyesahau.

"Usimsikilize," alisema Ambrose. "Yeye alikuwa kwenye usukani. Amezoea kunibebea makosa. Ni mimi, Kenyon. Loki nilivukisha mimi."

Kenyon alimtazama, akatazama koti la mvua na nguo za kulalia na ile ncha ya kamba, na sauti yote ya samaki ikamwishia. "Aa, mzee wangu," alisema taratibu. "Hutokea. Nani hajawahi. Wala usijali."

Hapo ndipo Glenys alipoogopa hasa. Kenyon akikutukana, mambo ni mazuri. Kenyon akiwa mpole, jua kwamba ameshakuona marehemu.

"Mpigie Rhian," Ambrose alimwambia mkewe.

"Nikafunge kilango kwanza. Maji bado yanakwenda."

"Funga, kisha umpigie."

Aliingia ndani kuchukua hendeli yake. Kila mtu wa mfereji ana hendeli yake, kile chuma kilichopinda cha kuzungushia vilango, na ya Glenys ilikuwa nyepesi, imezungushiwa utepe wa kijani kwenye mshikio kwa sababu ya vifundo vyake vibovu. Haikuwepo kwenye msumari wake. Akadhani imeanguka chini ya kitanda na vitu vingine vyote, na hakuwa na muda wa kupiga magoti. Akaitwaa ya Ambrose, chuma kizito cheusi, akaenda nayo.

Njiani aliyakumbuka ya jana, na kuyakumbuka kulimuuma. Jana jioni, walipokwisha kufunga boti, alimwambia Ambrose anakwenda kutupa takataka. Akapinda kona hadi loki ya Pinfold, kwenye mvua na lile giza jepesi la kabla ya taa kuwashwa, akatia hendeli kwenye kilango cha upande wa njia, akajaribu. Kikazunguka. Kilango kilichofungwa hakizunguki zaidi, kwa hiyo Ambrose alikuwa amekiacha wazi. Glenys alikizungusha mpaka kikagoma, huku machozi yakimtoka na miwani ikijaa ukungu, akisema moyoni, limekuja, limekuja, basi limekuja. Kisha akasikia Ambrose anamwita kutoka mbali kwamba viazi vimeiva, akajipangusa uso, akakimbia. Kilango cha upande wa pili hakukigusa, maana kukifikia ni kupita juu ya lango, na ubao wake ulikuwa unateleza. Chakula alikula. Hakusema lolote. Alikuwa amepanga kunyamaza mpaka kaburini.

Na sasa huyu mzee kumbe aliviacha vyote viwili wazi, aliwaza, akapinda kona.

Sauti ya maji aliisikia kabla hajaiona loki. Malango ya chini ya Pinfold yanavuja kama kikapu, watu wote wanajua, kwa hiyo kilango kimoja tu cha malango ya juu kikibaki wazi, maji yanapita moja kwa moja, yanakwenda zake bondeni. Alikaribia kilango cha upande wa njia, kile alichokifunga jana, akiwa na nia ya kukipita tu.

Kulikuwa na hendeli juu yake. Ina utepe wa kijani.

Glenys alisimama. Mashine za vilango vya Pinfold zimefunikwa kwa mkebe wa chuma, huoni kinachozunguka ndani. Unachoona ni fimbo nyeupe tu, inayotokeza juu kilango kikiwa wazi na kuzama kikiwa kimefungwa. Jana hakuiona fimbo kwa ukungu wa miwani. Leo aliiona vizuri sana. Ilikuwa imetokeza yote, imesimama wima, nyeupe pe.

Aliweka chini chuma cha Ambrose, akapanda juu ya lango, akavuka akijishikilia kwa mikono miwili, akaenda kuangalia kilango cha upande wa pili. Fimbo yake imezama yote. Kimefungwa, tena kimefungwa na mtu aliyekikaza kwa moyo.

Akarudi. Akakitazama tena kile cha kwanza. Loki zote walizovuka jana mchana, vilango vyake hufungwa kwa kuzungusha kulia. Pinfold, kwa sababu aliyeijenga alikuwa na vituko vyake, hufungwa kwa kuzungusha kushoto, na kila mtu wa mfereji huu analijua hilo, na Glenys analijua, na jana, huku akilijua na machozi yakimtoka, alizungusha kulia. Kilizunguka kwa sababu alikuwa anakifungua. Ambrose alikifunga. Ambrose alifunga vyote viwili, barabara, kwenye mvua, halafu akaenda kuchemsha viazi. Mkewe ndiye aliyekuja nyuma yake akafungua mfereji.

"Ni mimi!" Glenys aliwaambia bata waliokuwa pale. "Mama yangu, ni mimi!"

Alikaa juu ya boriti ya kusukumia lango. Alicheka. Alicheka mpaka akashika mbavu, na moyo wake, uliokuwa umekunjwa tangu Machi, ukakunjuka ndani ya kifua kiasi kwamba alihisi njaa. Njaa kabisa, ya mkate na siagi. Alishika hendeli yake ili akifunge kilango, akaanza kuizungusha, kushoto safari hii, na mkono ukasita.

Atakwenda kumwambia nini Ambrose? Kwamba ni mimi? Alishasema hivyo. Alishasema mbele ya Kenyon kabla hajajua lolote, na Ambrose alimwambia kwamba amezoea kumbebea. Akimwambia tena, itakuwa uongo ule ule umerudi na mapambo. Akimpelekea hendeli yenye utepe, atasema ameichukua chini ya kitanda. Kilango kikishafungwa, ukweli umefungwa nacho, na jioni watakuwa Coventry juu ya zulia la uji.

Akaiachia hendeli pale pale ilipokuwa.

"Umekifunga?" Kenyon alikuwa anakuja mbio mbio, na hendeli yake begani kama bunduki. "Mama, mbona bado maji yanapiga kelele? Kimekwama? Sogea nikusaidie."

"Usiguse!"

"Nisiguse nini?"

"Usiguse chochote. Niitie Ambrose."

Kenyon aliangalia fimbo nyeupe, akaangalia maji, akamwangalia mwanamke aliyesimama mbele ya kilango amenyoosha mikono kama kipa. "Mama Tolley," alisema, akijitahidi, "boti yangu imelala ubavu. Boti ya Lorna pale jirani imelala ubavu, na yeye ana mikebe ya rangi imefunguliwa mle ndani. Maji yanaondoka hivi tunavyoongea. Funga kwanza, mumeo utamwita baadaye."

"Ukikigusa, Kenyon, nakutumbukiza humu. Unaona hii ni hendeli ya nani?"

"Yako. Ya kijani."

"Na ile pale chini?"

"Ya mzee. Lakini..."

"Nilikuja na ipi mkononi?"

Kenyon alifikiri. Alikuwa amemwona akitoka. "Ile nyeusi," alisema. Kisha akasema, "Hee." Kisha akasema, "Mama wee, hii imelala hapa?" Na mara akaondoka kwa mbio ambazo miguu yake haikuwa imezitoa miaka mingi, akipaza sauti, "Mzee Tolley! Mzee! Unatakiwa loki, na upesi, mkeo amechanganyikiwa!"

Ambrose alikuja amevaa suruali. Glenys aliona kwamba amechana nywele pia, na hilo lilimchoma. Alikuwa amejiandaa kama mtu anayekwenda kuaga. Alifika, akasimama, akatazama maji yanavyokimbia.

"Kwa nini hujafunga?"

"Nataka uone kwanza. Tazama."

Alitazama fimbo. Akatazama hendeli ya kijani. Akamtazama mkewe kwa huruma nyingi. "Glen, mpenzi. Umeileta sasa hivi, umeitia hapo."

"Nilikuja na yako. Muulize Kenyon."

"Ni kweli, mzee," alisema Kenyon, akihema. "Alikuja na nyeusi. Ya kijani imelala hapa, ona ilivyoloa, ina konokono juu."

Kweli alikuwapo konokono, mdogo, amejibandika juu ya utepe. Ambrose alimwangalia kwa muda. Unaweza kumshawishi fundi bomba akuunge mkono, lakini konokono humpati kirahisi. Hata hivyo alitikisa kichwa.

"Jana loki nilivukisha mimi kwa hendeli yangu. Wewe ulikuwa kwenye usukani. Ya kwako ingefikaje hapa?"

"Nilirudi."

"Ulikwenda kutupa takataka."

"Sikwenda kutupa takataka. Takataka nilizitupa asubuhi." Hapa hapakuwa na njia ya kupita pembeni. "Nilikuja kukagua kama umefunga. Nikajaribu kilango, nikazungusha upande usio wake, nikakifungua nikidhani ninakifunga. Kisha ukaniita viazi, nikakimbia nikaacha hendeli. Hicho cha pili kimefungwa, nenda kakione, ulikifunga wewe. Na hiki pia ulikifunga. Mimi ndiye niliyekifungua."

Kenyon aligeuka akaanza kuwatazama bata kwa makini makubwa.

"Ulikuja kunikagua," alisema Ambrose.

"Ndiyo."

"Jana tu?"

"Hapana. Tangu Machi. Gesi, kamba, ufunguo, kifuniko. Hata taa ya choo." Alikuwa analia sasa na hakujali. "Nisamehe. Niliona aibu, lakini nilikuwa ninaogopa zaidi ya nilivyoona aibu."

Glenys aliona kwamba Ambrose amemwamini. Uongo wa kumwokoa ungekuwa mtamu zaidi ya maneno haya; hakuna mke angetunga kitu kichungu namna ile ili kumfariji mumewe. Ambrose alishusha mabega. Uso wake ukawa mwekundu, na kwa muda Glenys alidhani atafoka, na alikuwa tayari kufokewa mpaka jua lizame.

"Nilijua," alisema.

"Ulijua nini?"

"Kwamba unanikagua. Glen, tunaishi ndani ya kitu chenye upana wa mikono yangu miwili, ulidhani unajificha wapi? Kila usiku nasikia bomba la gesi linalia kwi baada ya mimi kulala. Na mimi nalala pale nimefumba macho nawaza, haya, leo tena nimeliacha wazi. Amelifunga, na hasemi asiniumize. Kesho tena kwi. Kesho kutwa kwi. Nimeyabeba hayo makosa yote, Glen. Nilikuwa ninangoja tu lile ambalo hutaweza kulificha."

"Makosa gani?"

"Hayo unayoyakuta."

Glenys alimwangalia mumewe kama mtu aliyesomewa barua ya nyumba nyingine. "Sikukuta kitu," alisema.

"Glen, yameisha sasa, usinifiche."

"Sikukuta kitu, Ambrose! Gesi ilikuwa imefungwa. Kila siku imefungwa. Linalia kwi kwa sababu unalikaza mno, nalilegeza kidogo kisha nalikaza tena nipate uhakika. Kamba zako ziko sawa. Ufunguo uko mahali pake. Kile kifuniko umekikaza mpaka nimevunja kucha. Jana ndiyo nilidhani nimekuta la kwanza, na ndilo hili hapa, la kwangu."

"Hata mara moja?"

"Hata mara moja."

Maji yaliendelea kupiga kelele. Ambrose alitafuta boriti kwa mkono wake nyuma, akaipata, akakaa. Halafu alifunika uso kwa viganja vyake vikubwa vya udereva, na mabega yakaanza kumtikisika, na Glenys alipomkaribia aligundua kwamba analia na kucheka vyote pamoja, hajui aanze na kipi.

"Na kwa nini hukuniambia?" alisema kutoka ndani ya viganja.

"Ningekuambiaje bila kukuambia kwamba ninakukagua?"

"Miezi yote hiyo, wewe unanyata na mimi ninajifia."

"Miezi yote hiyo," alikubali Glenys, akaketi ubavuni pake, akamshika sikio kama alivyokuwa akimshika walipokuwa vijana, na hakuona haya mbele ya mtu yeyote.

Yule mtu yeyote alikohoa. "Wapenzi," alisema Kenyon. "Nimefurahi sana, sana, karibu nilie. Lakini kama mmeshamaliza na ushahidi, naomba maji yangu."

Ambrose aliinuka. Aliishika ile hendeli ya kijani, akambandua konokono akamweka majanini, akazungusha, kushoto, taratibu, mpaka fimbo nyeupe ikazama na kelele ya maji ikakatika. Kimya kilichofuata kilikuwa kizuri kuliko kinanda. "Kushoto, mama," alimwambia mkewe. "Pinfold ni kushoto. Mtoto mdogo anajua."

"Najua."

"Unajua, eeh? Boti zote zimelala kama samaki wa sokoni, unajua."

Kutoka kwenye kona, watu walikuwa wameanza kukusanyika. Lorna alikuwa mbele, mwanamke anayewachorea watu majina ya maboti yao kwa rangi, na leo alikuwa amejipaka yeye mwenyewe, bluu kutoka kiwiko hadi goti. "Tumjue basi!" alipaza sauti. "Nani alituacha nchi kavu? Nataka jina, nikamwandike ubavuni!"

Glenys alimwona mumewe anavuta pumzi. Hakuwa amemwona akiivuta yote namna ile tangu majira ya baridi. Ambrose alipanda juu ya boriti ya lango, kitu ambacho wazee hawashauriwi kukifanya, akaweka viganja pande zote mbili za mdomo.

"Ni mke wangu!" alipaza sauti. "Ni mke wangu, Glenys Tolley! Mimi nilifunga! Mimi nilifunga vyote viwili, yeye akaja akafungua!"

Kelele za kuzomea zilipanda kutoka kote kwenye njia, na vicheko, na mtu mmoja akipiga sufuria. Lorna alitaka kujua kama bibi huyo aliwahi kuonyeshwa loki maishani mwake, au alidhani ni kisima. Kenyon naye, aliyekwisha kupona upole wake, aliuliza nani atamtoa paka kabatini. Glenys aliinua mkono akakubali yote, uso ukiwaka moto kwa aibu, na hakuna kitu duniani angekubali kubadilishana na aibu ile.

"Shuka chini, utaanguka," alimwambia Ambrose.

"Bado," alisema. "Wale wa mwisho kule hawajasikia."

Akavuta pumzi tena.